Kosa la Kupendwa

Katika lugha ya wahakiki wa Kiswahili limo neno ambalo lingemshangaza mgeni. Riwaya ikisomwa na watu wengi kwa hiari yao, ikachekesha, ikaazimwa mkono kwa mkono mpaka jalada likachanika, huitwa riwaya pendwa. Na ile ambayo aghalabu husomwa kwa kuwa imo katika orodha ya mtihani huitwa riwaya dhati. Mtu asiyejua mila za vyuo angedhani kwamba jina la kwanza ni sifa na la pili ni udhuru. Sivyo hata kidogo. Kupendwa, kwa mizani ya mahakama hii, ni kosa, na kitabu kilichopatikana na kosa hilo hupewa adhabu ya kutotajwa. Jambo ambalo kila mzazi humwombea mwanawe limegeuzwa kuwa aibu kwa kitabu.

Miongoni mwa vitabu vilivyopewa adhabu hiyo hapana jamii iliyodharauliwa kwa wepesi kuliko riwaya za upelelezi za kuchekesha. Sifa zake zajulikana. Mauaji hutokea mahali ambapo watu hujuana kwa majina na kwa madeni. Damu haimwagwi mbele ya macho ya msomaji. Mpelelezi si askari mwenye bastola bali ni ajuza mwenye kufuma sufu, au kasisi mfupi wa mwili, au mwanamke aliyeuza ng'ombe wa urithi akafungua ofisi, au bwana mwenye kiko na rafiki mwaminifu. Kurasa zimejaa watu wa vituko: mpishi asiyejua kupika, kanali anayegombana na kila mtu, wazee wa kike wasiopitwa na jambo mtaani. Mwishoni mwuaji hutajwa, chai hunywewa, na msomaji hulala usingizi mwema. Hasira ya mhakiki huanzia katika usingizi huo. Yeye hushikilia kwamba kitabu kisichomnyima mtu usingizi hakina ukweli ndani yake.

Hasira hiyo si mpya wala si ya Afrika ya Mashariki peke yake. Mhakiki wa Marekani, Edmund Wilson, aliandika katika gazeti la The New Yorker mwaka 1944 akiuliza kwa nini watu husoma hadithi za upelelezi. Wasomaji walimletea barua nyingi za kumlaumu, naye mwaka 1945 akarudi na makala ya pili, iliyo kali kuliko ya kwanza, ambayo kichwa chake kilihoji ni nani ajaliye aliyemwua Roger Ackroyd. Kwa Wilson, kusoma vitabu hivi ni tabia mbaya ndogo, ya kuwekwa mahali fulani kati ya uvutaji wa sigara na michezo ya kujaza maneno. Mwaka 1944 huo huo Raymond Chandler, mwandishi wa riwaya za upelelezi za mjini, aliwacheka wenzake wa Uingereza kwa mauaji yao ya adabu yanayofanyika katika nyumba za mashambani. Hata mtetezi alijitetea kwa haya: mshairi W. H. Auden, katika insha ya mwaka 1948, alikiri kwamba hadithi hizi zimemshika kama tumbaku au pombe imshikavyo mtu, kwamba akianza moja hawezi kufanya kazi mpaka aimalize, na kwamba akiimaliza huisahau. Mteja akiwa na wakili wa namna hiyo hahitaji mshitaki.

Watu watatu hawa walikuwa na akili nyingi na kalamu nzuri. Hata hivyo wote watatu waliyatazama mauaji na fumbo lake, wakavitazama vituko kama pambo lililopakwa juu. Hapo ndipo walipokosea, na kosa lao limerithiwa na kila mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba vitabu hivi ni vya safarini. Katika riwaya nzuri ya aina hii kituko si pambo. Kituko ndicho ushahidi. Anayekidharau hukosa kumjua mwuaji, na hukosa kwa sababu ya dharau yake.

Mfano ulio wazi umo katika The Murder at the Vicarage, riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1930, ambayo ndiyo riwaya ya kwanza ya Bibi Marple wa kijiji cha St Mary Mead. Msimulizi ni kasisi wa kijiji, Leonard Clement, mtu mpole mwenye mke kijana asiyeweza kazi za nyumba na mtumishi asiyeweza jiko. Mwanzoni kabisa, akiwa mezani anakata nyama, kasisi huyu anapitiwa na ulimi na kusema kwamba mtu atakayemwua Kanali Protheroe atakuwa ameutendea ulimwengu hisani. Msomaji hucheka. Baadaye Kanali Protheroe aonekana amekufa kwa risasi katika chumba cha kusomea cha kasisi huyo huyo, ameinama juu ya meza ya kuandikia, na karibu naye iko saa iliyoangushwa ikasimama katika saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili za jioni.

Aja Inspekta Slack. Jina lake kwa Kiingereza lina maana ya ulegevu, naye si mlegevu hata kidogo: ni mtu wa haraka, wa sauti kubwa, asiyependa kupotezewa wakati. Anaitazama saa, anaandika dakika, na kesi kwake imekwisha nusu. Kasisi anajaribu kumwambia neno juu ya saa ile. Slack anamnyamazisha. Anajaribu tena, ananyamazishwa tena. Neno ambalo kasisi alitaka kulisema ni la kituko: saa ile huwekwa mbele kwa robo saa siku zote, kwa kusudi, ili kasisi asichelewe katika kazi zake. Nani angejali jambo kama hilo? Ni udhaifu mdogo wa mzee msahaulifu, ni mambo ya nyumbani, ni kichekesho cha kusimuliana wakati wa chai. Lakini kila hesabu ya inspekta imesimama juu ya saa hiyo, na kila mtu wa nyumba ile, hata yule mtumishi asiyejua kuchemsha kiazi, alijua kwamba haisemi kweli. Serikali pamoja na uwezo wake wote haikujua, kwa kuwa haikutaka kusikiliza upuuzi.

Yafaa msomaji asimame hapo kidogo. Christie hakumpa Slack upumbavu. Alimpa bidii, na bidii ile ndiyo ilimzibia masikio. Mtu huyu yuko katika kila ofisi na kila darasa. Amejifunza kupima mambo kwa uzito wake kabla ya kuyasikia, na jambo likija limevaa kilemba cha mzaha hulifukuza mlangoni. Upande wa pili wa ua yuko Bibi Marple, ambaye kazi yake yote ni bustani na majirani, na miwani yake ya kutazamia ndege haitazami ndege peke yao. Vijana wa kijiji humwona kuwa mmbeya. Kweli ni mmbeya. Riwaya haikatai. Isemacho riwaya ni kwamba umbea wa mtu mwangalifu, aliyekaa mahali pamoja miaka mingi na kukumbuka alichokiona, ni elimu, na kwamba elimu hii imetukanwa kwa sababu ya watu walio nayo: wanawake, wazee, wajane, watumishi. Miaka minne kabla ya hapo, katika The Murder of Roger Ackroyd ya 1926, kitabu kile kile ambacho Wilson alikitania katika kichwa cha makala yake, Christie alikuwa amemweka dada wa daktari wa kijiji, Caroline Sheppard, apataye habari zote bila kutoka nyumbani. Christie mwenyewe aliona kwamba mbegu ya Bibi Marple ilikuwa humo.

Yasemwa na wengine kwamba ni ukosefu wa adabu kucheka penye maiti. Neno hili lingekuwa na nguvu kama lingesemwa mbele ya watu wasiojua utani. Katika Tanzania mtani huja msibani, akawachokoza wafiwa, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa mgumu wa kutoa fedha, na wafiwa hucheka na machozi yamo machoni. Mtani huyo huyo ndiye aghalabu anayeshika kazi nzito za maziko. Wahehe na Wangoni, ambao mababu zao walipigana vita vikali, leo ni watani. Hapana aliyewahi kusema kwamba mtani hamheshimu maiti. Kuna kicheko kimtengacho mtu na wenzake na kuna kicheko kimtiacho ndani, na anayevichanganya viwili hivi hajakaa msibani muda wa kutosha. Riwaya za namna hii zikiwa njema hucheka kwa namna ya mtani: humtaja mtu kwa kilema chake cha tabia kwa kuwa zimemkaribia kiasi cha kukijua.

Ziko pia zinazojua mahali pa kuacha kucheka, na hapa yafaa kukitaja kitabu ambacho wahakiki wa upande wa pili hawapendi kukitaja. Katika A Pocket Full of Rye ya mwaka 1953, tajiri mmoja auawa kwa sumu na nafaka hupatikana katika mfuko wa koti lake. Mauaji yale yamefuatanishwa na maneno ya wimbo wa watoto wa Kiingereza, na katika wimbo huo yumo mtumishi wa kike aliyekuwa akianika nguo, ndege akamdonoa pua. Nyumbani kwa tajiri yumo mtumishi, Gladys Martin, msichana aliyelelewa katika nyumba ya mayatima. Gladys ni mtu wa kuchekesha kwa kila kipimo. Si mwerevu, si mzuri wa sura, akili yake imejaa sinema na wanaume wa ndotoni, huchanganyikiwa akiulizwa jambo dogo. Katika riwaya elfu moja mtumishi wa namna hii hupita na sinia, wasomaji wakacheka, akasahauliwa. Gladys anyongwa penye kamba za nguo, na mwuaji, ili kuukamilisha wimbo wake, ambana pua kwa kibanio cha nguo.

Bibi Marple asoma habari hizi gazetini, afunga safari. Haji kwa ajili ya tajiri. Aja kwa sababu ya kibanio. Alimpokea Gladys kutoka katika nyumba ile ya mayatima, akamfundisha kazi ya kuhudumu mezani, na anamwambia Inspekta Neele kwamba kumwua msichana kisha kumfanyia mzaha ule ni ukatili unaovunja utu wake. Mtu anaweza kulitafuta jambo zito kuliko hilo katika riwaya nyingi zilizo dhati, asilipate. Mwandishi anayeishi kwa kuchekesha amemleta mwuaji anayechekesha, kisha amempa ajuza wake kazi ya kuukataa mzaha huo. Mpaka kati ya vicheko viwili umechorwa palepale, kwa kibanio cha mti cha thamani ndogo. Na Neele, tofauti na Slack, husikiliza. Riwaya hii haiishi kwa chai na usingizi mwema. Kesi imekwisha, Bibi Marple amerudi nyumbani kwake, na hapo akuta barua iliyochelewa kumfikia, aliyoiandika Gladys akiwa hai, yenye makosa mengi ya tahajia na picha ya mwanamume aliyemwamini.

Haya hayamaanishi kwamba kicheko cha Christie ni safi kila mahali. Si safi. Katika A Murder Is Announced ya mwaka 1950 yumo Mitzi, mpishi mkimbizi kutoka Ulaya ya Kati, ambaye hupiga mayowe na kusema kwamba ameteswa na jamaa zake wamekufa, na wenyeji Waingereza humwona mwongo anayekuza mambo. Miaka mitano baada ya vita vile, jambo hilo halipaswi kuchekesha, na msomaji wa leo huona ladha mbaya kinywani. Christie ampa Mitzi kitendo cha ushujaa mwishoni, lakini hilo ni fidia ndogo iliyochelewa. Mhakiki angeshika hapo angekuwa na kesi. Badala yake hushika shitaka jingine lisilosimama, kwamba vitabu hivi huukimbia ulimwengu. Riwaya hiyo hiyo yaijua Uingereza ya 1950 kuliko hotuba nyingi za wakati wake. Bibi Marple aeleza humo kwamba zamani kila aliyehamia kijijini alikuja na barua ya utambulisho, au alijulikana na rafiki wa rafiki. Sasa watu huja na vitabu vya mgao wa chakula tu, na hakuna ajuaye kama jirani ndiye asemavyo kuwa ndiye. Mgao huo ulikuwa wa kweli, nao ulikomeshwa mwaka 1954. Fumbo lote la riwaya limejengwa juu ya mashaka haya ya watu waliotawanywa na vita. Huko si kukimbia ulimwengu.

Shitaka la kukimbia ulimwengu likishindwa huletwa la kuiga, na hili husemwa sana kuhusu Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya wa serikali kwa miaka kumi, akaingia katika kazi ya magazeti mwaka 1948, na mwaka 1958 akawa mhariri wa gazeti la Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la mwaka 1957–58 la East African Literature Bureau, ikachapwa mwaka 1960, na kwayo Bwana Msa akaingia katika fasihi ya Kiswahili pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum. Tangu hapo mwanafunzi hufundishwa kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja, na mwalimu akisha kusema hivyo hufunga kitabu, kana kwamba kutaja babu wa mtu ni kumwelewa mtu.

Udugu huo haukanushiki. Lakini mwenye macho ataona tofauti iliyo kubwa kuliko kiko. Holmes aliyezaliwa katika kurasa za Arthur Conan Doyle mwaka 1887 aishi London, mji wa watu wasiojuana. Ndiyo sababu ameandika risala juu ya aina 140 za majivu ya tumbaku: hana mtu wa kumwuliza, basi huuliza majivu. Bwana Msa aishi katika visiwa ambako habari hutangulia mguu. Kwake majivu hayana kazi kubwa kama maneno: namna mtu anavyojibu salamu, jambo alilolikwepa, mzaha alioutoa mahali pasipo pake. Pengine miaka ile kumi ya kuingia nyua za watu na kutazama visima na majiko yao ilimfaa Abdulla kuliko vitabu vya Doyle. Ni dhana tu, lakini ni dhana yenye kuzaa kuliko ile ya kuiga. Na adui wa Bwana Msa ni mwingine pia. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti ya mtu aliyeuawa yaonekana mahali pa mzimu, na palipo na mzimu maelezo huwa tayari kabla ya kuuliza. Kadhalika Kisima cha Giningi ya mwaka 1968 imechukua jina ambalo Unguja na Pemba hutajwa kwa hofu ya wachawi. Mwuaji hujificha nyuma ya woga wa majirani zake. Ili kumfikia, Bwana Msa hana budi kuuondoa woga huo bila ya kuwavunjia heshima waliouogopa, na chombo chake katika kazi hiyo nyeti ni ucheshi. Hotuba ya kuwaita watu wajinga ingewafunga midomo. Mzaha huwafungua.

Ajabu ni kwamba wanaomtupa Bwana Msa kama mwigaji humtumia mchana kutwa. Kiswahili chake, chenye misemo ya Unguja na mazungumzo yanayosikika masikioni, hunukuliwa katika mihadhara ya lugha na watu ambao hawangempa saa moja katika mihadhara ya fasihi. Yaani ulimi wake wakubalika na akili yake yakataliwa. Baada yake walikuja waandishi wa upelelezi wa namna nyingine: Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Huko iko kasi, ziko bastola na mikahawa ya usiku. Vitabu hivyo vina haki yake. Lakini katika mbio zile jirani alitoweka, na pamoja naye kikatoweka kile kicheko cha watu wanaojuana. Na wahakiki wakaziweka aina zote mbili katika kapu moja la pendwa, wasione kwamba moja huuliza ni nani mwenye nguvu na nyingine ni nani aliyesikiliza.

Riwaya za Alexander McCall Smith juu ya Bibi Precious Ramotswe wa Gaborone, zilizoanza mwaka 1998, zimeshitakiwa kwa kosa la jua kuwaka mno. Mwandishi ni Mzungu aliyezaliwa Bulawayo, na swali la nani aichore Botswana na kwa rangi gani ni la haki. Lakini mtu asome kitabu cha kwanza. Ofisi ya upelelezi imefunguliwa kwa ng'ombe walioachwa na baba aliyefanya kazi katika migodi ya Afrika ya Kusini, na maisha ya migodini yamesimuliwa humo bila jua lolote; na fumbo lililo zito kuliko yote ni la mtoto wa mwalimu aliyetoweka, ambaye watu wanaamini ameuawa kwa ajili ya dawa za waganga. Kituko cha Bibi Makutsi, karani asiyechoka kukumbusha watu kwamba alipata alama 97 kwa mia katika chuo cha makarani, huchekesha kila kinaporudi. Huchekesha, kisha humkumbusha msomaji kwamba wenzake waliopata alama ndogo na sura nzuri ndio waliopewa kazi.

Zipo mbovu, na ni nyingi. Tangu Lilian Jackson Braun alipotoa mwaka 1966 riwaya yake ya kwanza ya paka wa Kisiamu anayemsaidia mwandishi wa habari, maduka ya Marekani na Uingereza yamejaa mfululizo wa vitabu vya paka, vya keki, vya sufu na vya maduka ya maua, ambamo mtu amepewa kituko kimoja kama kifungo kilichoshonwa juu ya shati lililokwisha valiwa na wengine. Mwenye kofia za ajabu ana kofia tu. Kofia haimfichi mtu, haimpotezi mpelelezi, haimwokoi wala kumponza aliyeivaa. Ukiivua kitabu hakipungui kitu. Kipimo ni hicho, nacho ni chepesi kukitumia: kituko kikiondolewa, je, kesi yaanguka? Ikiondolewa robo saa ya Kasisi Clement, yaanguka. Wakiondolewa wazee wanne wa Richard Osman katika The Thursday Murder Club ya mwaka 2020, yaanguka pia, kwa sababu uzee wao ndio unaowafungulia milango: hakuna polisi anayemshuku bibi anayeomba glasi ya maji. Mhakiki anayelalamika juu ya ubovu wa vitabu vya paka asema kweli, lakini ubovu wa mashairi ya harusi haujawahi kuwa hoja dhidi ya ushairi.

Basi ni nini kinachoogopwa? Vyuo vikuu vimewazoesha wanafunzi kuipima riwaya kwa uzito wa huzuni yake. Mwanafunzi akiandika juu ya kukata tamaa hupata msimamizi siku hiyo hiyo. Akitaka kuandika juu ya kicheko cha Bwana Msa huulizwa, kwa upole wenye makali, kama hana jambo kubwa zaidi. Naye hujifunza upesi. Huficha alichokipenda, hutafuta alichoambiwa akiheshimu, na baada ya miaka michache hukaa upande wa pili wa meza na kuuliza swali lile lile. Hasara si ya Muhammed Said Abdulla, ambaye alifariki mwaka 1991 na vitabu vyake vingali vikisomwa. Hasara ni ya elimu yenyewe, inayojinyima fasihi iliyochunguza kwa makini kuliko zote jambo moja: namna watu wenye akili wanavyoshindwa kuwasikia watu wanaowachekesha.

Christie alimjua mhakiki huyu, tena alimweka ndani ya hadithi. Ni Raymond West, mpwa wa Bibi Marple, mshairi asiyetumia herufi kubwa na mwandishi wa riwaya za watu wasiopendeza wanaoishi maisha ya kuchosha. Katika hadithi ya mwaka 1927 ambamo Bibi Marple aonekana kwa mara ya kwanza, Raymond amekaa nyumbani kwa shangazi yake pamoja na mchoraji, mwanasheria, kasisi na mkuu mstaafu wa polisi wa Scotland Yard. Wanazungumza juu ya mafumbo yasiyofumbuliwa. Shangazi ataja kwamba jirani yake alinunua kamba wa kula, akapita maduka mawili, na alipofika nyumbani kamba hawakuwamo; Raymond afanya mzaha juu ya kamba hao, na mazungumzo yarudi kwenye mambo makubwa. Yakubaliwa kwamba kila mmoja asimulie kisa anachokijua, wengine wakifumbue. Mchoraji awahesabu waliomo chumbani, apata watano. Bibi aliyeketi kando ya moto, mwenye nyumba, akiendelea kufuma sufu yake nyeupe, amwambia kwa upole kwamba amemsahau yeye.